Ukurasa mmoja wa daftari: kisa cha viwanda vya Kentucky na kazi ya Jay Forrester

Katikati ya miaka ya 1950, kampuni ya General Electric ya Marekani ilikuwa na kitendawili katika viwanda vyake vya vyombo vya nyumbani vilivyokuwa katika jimbo la Kentucky. Kilikuwapo kipindi ambacho viwanda hivyo vilielemewa na oda hadi vikaendeshwa kwa zamu tatu au nne, na miaka michache baadaye nusu ya wafanyakazi walikuwa wamepunguzwa. Jibu lililokuwa tayari mdomoni mwa kila mtu ni kwamba uchumi hupanda na kushuka, kwamba mteja hununua jokofu akiwa na fedha na huahirisha anapobanwa, na kwamba kiwanda hakina budi kumfuata mteja. Jibu hilo lilikuwa na ukweli ndani yake, lakini halikuwaridhisha hata wale walioendesha viwanda, kwa kuwa mtikisiko wa ajira ulionekana kuwa mkubwa kuliko kile ambacho soko peke yake lingeweza kuueleza.

Habari hizo zilimfikia Jay Wright Forrester kwa bahati, katika mazungumzo na watu wa kampuni hiyo. Alikuwa profesa mpya kabisa katika Shule ya Menejimenti ya Taasisi ya Teknolojia ya Massachusetts, MIT, mwenye umri wa miaka 38 hivi, na hakuwa amesomea menejimenti. Njia aliyoitumia kukitegua kitendawili cha Kentucky ndiyo iliyozaa taaluma inayoitwa mienendo ya mifumo, yaani uchunguzi wa jinsi sehemu za kitu kimoja zinavyoathiriana kadiri muda unavyopita, na ndiyo iliyomfanya ahesabiwe miongoni mwa waasisi wa fikra za mifumo katika masomo ya menejimenti. Nimekichagua kisa hiki kwa sababu kinaonyesha taaluma ikizaliwa mezani, kwa penseli, kabla ya kupata jina, kitabu au idara. Hoja yangu ni kwamba nguvu ya kazi ile ilitokana na maswali aliyowauliza waamuzi kabla hajaandika tarakimu hata moja, na kwamba kazi zake kubwa zilizofuata zinaweza kupimwa kwa jinsi zilivyokaa karibu au mbali na maswali hayo.

Ni lazima kwanza kueleza alikotoka, kwa kuwa bila hayo ukurasa wa Kentucky utaonekana kama bahati nasibu. Forrester alizaliwa mwaka 1918 na kulelewa katika ranchi ya ng'ombe karibu na mji mdogo wa Anselmo, Nebraska. Akiwa mwaka wa mwisho wa sekondari alitengeneza mtambo wa umeme wa volti 12 ulioendeshwa kwa upepo, akitumia vipuri vya magari makuukuu, na huo ukawa umeme wa kwanza kuwaka nyumbani kwao. Alihitimu uhandisi wa umeme katika Chuo Kikuu cha Nebraska mwaka 1939, akaenda MIT, na huko akafanya kazi chini ya Gordon Brown katika maabara ya mitambo inayojirekebisha, yaani mitambo kama antena ya rada au mzinga wa meli ambao hupima tofauti kati ya pale ulipo na pale unapotakiwa kuwa, kisha hujisogeza ili kuiondoa tofauti hiyo.

Mhandisi wa mitambo ya namna hiyo hujifunza mapema jambo ambalo mchumi wa wakati ule aliweza kufika uzeeni bila kuligusa kwa mikono yake. Mtambo unaosahihisha kosa lake kwa nguvu nyingi, lakini kwa taarifa zilizochelewa, haufiki pale unapotakiwa ukatulia. Hupita, hurudi, hupita tena, na huanza kutikisika ingawa hakuna mtu anayeusukuma kutoka nje. Kasoro iko katika uhusiano wa sehemu zake, na ukikagua kila kipuri kimoja kimoja utakikuta kizima.

Forrester hakulijua jambo hilo kwa ubao tu. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia alitumwa hadi Pearl Harbor kurekebisha kifaa cha kuongozea rada kilichokuwa kimefungwa katika manowari ya kubeba ndege, USS Lexington. Kazi ilipokuwa haijakamilika meli iling'oa nanga naye akiwa ndani, na ilipigwa kwa topido katika Pasifiki kabla hajarudi nyumbani. Baada ya vita aliongoza ujenzi wa Whirlwind, mojawapo ya kompyuta za kwanza za tarakimu kufanya kazi papo kwa papo, akabuni kumbukumbu ya vijipete vya sumaku ambayo kompyuta za dunia ziliitegemea kwa miaka mingi, kisha akasimamia kazi za kihandisi za SAGE, mtandao wa kompyuta wa kulinda anga la Amerika Kaskazini. Yote haya aliyafanya akiwa na shahada ya uzamili ya mwaka 1945, bila uzamivu wa kusomea.

Mwaka 1956 aliona kwamba siku za ushujaa katika kompyuta zimekwisha. Rais wa MIT, James Killian, alikuwa amemdokezea kwamba taasisi ina shule mpya ya menejimenti, iliyofunguliwa mwaka 1952 kwa dola milioni 10 zilizotokana na Alfred Sloan, mkuu wa General Motors. Ilidhaniwa kwamba mtu kama yeye angeshughulikia mojawapo ya mambo mawili: matumizi ya kompyuta katika ofisi za biashara, au utafiti wa uendeshaji, ambao ni hesabu za kutafuta ratiba bora, njia fupi na akiba ya gharama ndogo. Aliyatazama yote mawili kwa takribani mwaka mzima na hakuvutiwa. Kompyuta za ofisini tayari zilikuwa mikononi mwa watengenezaji, mabenki na makampuni ya bima, na hazikumhitaji yeye. Utafiti wa uendeshaji aliuona kuwa kazi nzuri isiyogusa mambo yanayoinua au kuangusha kampuni. Mwaka wa namna hii, ambao mtu analipwa mshahara na hatoi kitu, vyuo vya siku hizi vingeuandikia barua ya kuomba maelezo. Kwa bahati njema hakuna aliyemharakisha.

Kisha wakaja watu wa Kentucky. Forrester alianza kwa kuwauliza jinsi wanavyoamua. Mnapojua kwamba oda zimeongezeka, nani huambiwa na baada ya muda gani? Mkiona ghala linapungua, mnaajiri watu wangapi, na ni kwa kuangalia nini? Mtu mpya huchukua muda gani kabla hajaanza kuzalisha kitu cha maana? Hayo si maswali ya hesabu. Ni maswali ambayo msimamizi wa zamu huyajibu bila kufungua faili, kwa sababu ndiyo maisha yake ya kila siku, na bado hayamo katika taarifa yoyote ya mwaka.

Baada ya hapo alichukua ukurasa mmoja wa daftari. Juu aliandika safu: mali iliyopo ghalani, wafanyakazi, oda. Kwa kila hatua ya muda alijiuliza, kwa hali hii, watu hawa kwa kanuni walizonieleza wangeamua nini, kisha akaandika jibu na kushuka mstari mmoja. Ukurasa ulipoanza kujaa, ajira ilikuwa ikipanda na kushuka ingawa oda alikuwa ameziacha zilivyo.

Inafaa msomaji alione jambo hili kwa macho yake, na kwa kuwa ukurasa wenyewe hatunao hapa, nimetunga mfano wangu mdogo unaofuata njia ileile. Chukua kiwanda kinachopokea oda 1,000 za mashine za kufulia kila mwezi, chenye wafanyakazi 100, kila mmoja akitengeneza mashine 10 kwa mwezi, na ghala ambalo meneja anataka liwe na mashine 2,000 daima. Mwezi wa kwanza oda zinapanda hadi 1,100 na kubaki hapohapo milele. Meneja ana kanuni ambayo hakuna bodi ingeikataa: mwisho wa kila mwezi anahesabu wafanyakazi wa kutosheleza oda, anaongeza wa kuziba pengo la ghala katika mwezi mmoja, na ghala likizidi anapunguza kwa kiasi hichohicho. Ugumu ni mmoja tu, kwamba uamuzi wa leo huonekana kwenye mashine miezi miwili baadaye, kwa sababu ya matangazo, usaili na mafunzo, au, wakati wa kupunguza, kwa sababu ya notisi.

Mwezi wa kwanza kiwanda kinatengeneza mashine 1,000 na kutoa 1,100, ghala linabaki na 1,900, na meneja anaagiza wafanyakazi wafike 120. Mwezi wa pili watu hao hawajafika, ghala linashuka hadi 1,800, naye anaagiza wafike 130. Mwezi wa tatu wapo 120 na ghala linapanda kidogo hadi 1,900. Mwezi wa nne wapo 130, ghala linafika 2,100, na meneja anayeona ghala limezidi anaagiza warudi 100. Mwezi wa tano, wakati agizo hilo halijaanza kutekelezwa, ghala linafika 2,200, naye anaagiza wabaki 90. Mwezi wa sita wapo 100, mwezi wa saba wapo 90, ghala linaporomoka hadi 1,900 na kisha 1,800, na mwezi wa kumi wafanyakazi wamerudi 130. Mzunguko huu hauna mwisho. Kiwanda kilihitaji watu 110 tangu siku ya kwanza, na kitaendelea kuyumba kati ya 90 na 130 kila baada ya miezi sita, huku mteja akiagiza mashine 1,100 bila kubadilika hata moja.

Sasa badilisha kitu kimoja. Mwambie meneja azibe nusu tu ya pengo kila mwezi badala ya pengo zima. Wafanyakazi hawazidi 120, na wakishapanda hawapungui 107 au 108, na baada ya mwaka hivi mtikisiko umekwisha. Meneja ni yuleyule, soko ni lilelile, ucheleweshaji ni uleule wa miezi miwili. Aliyekuwa akiambiwa ana haraka na bidii ndiye aliyekuwa akiwafukuza watu kazini.

Hapa ndipo kisa kinapokuwa kigumu kukimeza, na nadhani hapa ndipo wachambuzi wengi wanapita haraka mno. Maelezo ya soko yana faida moja kubwa ofisini, kwamba hayamlaumu mtu. Maelezo ya Forrester yanasema chanzo kinaweza kuwa ndani ya nyumba, katika kanuni ambazo kila mmoja aliyezitunga alikuwa na akili timamu na nia njema. Hayamnyooshei kidole mtu mmoja, jambo ambalo lingekuwa rahisi, maana mtu mmoja hubadilishwa na kazi ikaendelea. Yananyoosha kidole kwa utaratibu ambao wote wanaujivunia.

Hata hivyo ni lazima kuwa mwangalifu kuhusu kile ambacho ukurasa ule ulithibitisha. Ulionyesha kwamba kanuni za kawaida za kuajiri na kuweka akiba zinatosha kuleta mtikisiko hata oda zikiwa tulivu. Haukuonyesha kwamba mtikisiko wa Kentucky ulitokana na hizo peke yake, wala ukubwa wa mchango wa soko. Hoja ya kutosha na hoja ya kusababisha ni vitu viwili, na mwanafunzi anayezichanganya atakuja kudai mambo makubwa kwa ushahidi mdogo. Forrester mwenyewe alikuwa na ngao aliyoitoa katika uhandisi: ikiwa kanuni nimezipata kwa wanaozitumia, na ikiwa mtikisiko unaotoka unafanana na ule wanaouona, basi nina sababu ya kubadilisha kanuni na kutazama kitakachotokea. Ngao hiyo inashika mradi tu wanaozitumia kanuni wapo mezani.

Kutoka ukurasa huo kazi ilikimbia. Alipokuwa akiandaa makala ya Harvard Business Review iliyotoka mwaka 1958, alimwomba mtaalamu wa kompyuta Richard Bennett aandike programu ya milinganyo yake. Bennett alikataa kuandika programu ya kazi moja, akasema atatengeneza chombo kitakachoandika programu za namna hiyo chenyewe. Chombo hicho kilikuwa mzazi wa DYNAMO, lugha ambayo Phyllis Fox na Alexander Pugh waliikamilisha mwishoni mwa miaka hiyo ya 1950, na ambayo iliwezesha mtu asiye fundi wa kompyuta kuandika mfumo wa kampuni kwa milinganyo inayosomeka. Ukaidi wa Bennett, kwa maoni yangu, umeisaidia taaluma hii kuliko utiifu wa watu wengi. Mwaka 1961 kilitoka kitabu kikubwa cha Forrester kuhusu mienendo ya viwanda, na kampuni ya Sprague Electric ya Massachusetts ikawa mahali pa kuijaribu njia hiyo katika biashara inayoendelea.

Wasomi wenzake hawakumpokea wote kwa mikono miwili. Mwaka 1968 Igor Ansoff na Dennis Slevin waliandika uchambuzi mrefu katika Management Science, wakihoji kama hii ni nadharia hasa au ni mbinu ya kuigiza hali kwa kompyuta, na Forrester akawajibu katika jarida hilohilo. Ukisoma pande zote mbili unaona watu wasioelewana kuhusu ushahidi ni nini. Wao walitaka modeli, yaani milinganyo inayoiga kampuni, ipimwe kwa jinsi inavyolingana na takwimu zilizopita. Yeye aliona kwamba sehemu kubwa ya kile kinachojulikana kuhusu kampuni kimo vichwani mwa watu, kidogo kimo katika maandishi, na kidogo zaidi kimo katika tarakimu, hivyo kumtaka mtu atumie tarakimu peke yake ni kumtaka atupe sehemu kubwa ya anachokijua.

Kisha akatoka kiwandani. John Collins, aliyekuwa meya wa Boston, alipewa ofisi jirani na yake MIT, na mazungumzo yao yakazaa modeli ya mji iliyochapishwa mwaka 1969. Forrester alidai, miongoni mwa mengine, kwamba kujenga nyumba nyingi za bei nafuu katika sehemu za mji zilizokwisha kudorora kunaweza kuzidi kuzifukarisha, kwa sababu nyumba huchukua ardhi ambayo ingebeba ajira huku zikivuta watu wanaotafuta ajira hiyohiyo. Hasira zilizofuata zinaeleweka. Lakini hata wanaoipinga modeli hiyo wakumbuke kwamba aliijenga kwa kukaa mara kwa mara na watu walioujua mji kutoka ndani, kama alivyofanya na watu wa Kentucky. Wapangaji wa nyumba hizo, kwa upande mwingine, sioni mahali walipoketi mezani, na huo kwangu ni upungufu mkubwa kuliko mlinganyo wowote.

Mwaka 1970 alihudhuria mkutano wa Klabu ya Roma, kundi la watu waliojadili mustakabali wa dunia, mjini Bern, Uswisi, na akiwa ndani ya ndege ya kurudi alichora modeli ya dunia nzima: watu, mtaji, chakula, maliasili na uchafuzi. Kazi iliyofuata ya kina Donella na Dennis Meadows kuhusu mipaka ya ukuaji, iliyotoka mwaka 1972, ndiyo iliyojulikana zaidi kwa umma. Mchumi William Nordhaus aliishambulia modeli ya Forrester mwaka 1973 kwa kukosa msingi wa takwimu. Lawama hiyo inafanana na ya 1968, lakini mimi naiona nzito zaidi mara hii, kwa sababu ambayo si ile ya Nordhaus. Kentucky, tarakimu zilipokosekana, kulikuwa na msimamizi aliyeweza kusema, hapana, sisi hatuajiri hivyo. Dunia haina msimamizi wa namna hiyo. Hakuna mtu anayeamua kiasi cha watoto watakaozaliwa duniani kwa kuangalia safu ya uchafuzi, na kanuni za modeli zikawa dhana za mwandishi mmoja mwenye kipaji. Dhana hizo zinaweza kuwa sahihi, na baadhi yake zimezeeka vizuri kuliko wakosoaji wake walivyotarajia, lakini haziwezi kudai heshima ileile ya ukurasa wa daftari.

Kazi nyingine iliyotoka kwa Forrester na wenzake haina milinganyo kabisa, nayo ni mchezo wa bia unaochezwa katika vyuo vingi vya biashara. Washiriki hukaa katika nafasi nne: mwenye duka la rejareja, muuzaji wa jumla, msambazaji, na kiwanda. Kila mmoja huona oda za jirani yake tu na hulipia mali iliyolala pamoja na oda alizoshindwa kutimiza. Mteja huagiza kreti 4 kwa wiki, na kuanzia wiki ya tano huagiza 8, basi. John Sterman, aliyefuata nyayo za Forrester MIT, alichapisha mwaka 1989 matokeo ya michezo mingi ya namna hiyo, na gharama za wachezaji zilikuwa wastani wa mara 10 ya zile ambazo kanuni rahisi ingezileta. Chanzo kikubwa kilikuwa kwamba watu husahau oda walizokwisha kuzituma ambazo bado hazijafika, wakaagiza tena, kama muuza duka anayesikia uvumi wa uhaba wa sukari akapiga simu kwa wauzaji watatu wa jumla kwa mzigo uleule.

Nimeuendesha mchezo huu na wanafunzi wa Pwani, ambako si kila mtu angependa kushika kreti za bia hata kama ni za karatasi, kwa hiyo tuliziita mifuko ya sukari. Kufikia wiki ya 20 mwenye kiwanda alikuwa na mlima wa vikaratasi mbele yake na hakuwa amepokea oda kwa wiki tatu. Nilipowaomba wachore oda za mteja wanavyozidhania, wote wanne walichora wimbi, na mwenye kiwanda alilichora refu kuliko wote. Nilipofunua kadi za mteja, 4, 4, 4, 4, kisha 8, 8, 8 hadi mwisho, mwenye duka la rejareja, ambaye alikuwa amezifunua kadi hizo yeye mwenyewe moja baada ya nyingine kila wiki, aliniomba nizihesabu upya.